Kigoda cha Mwenye Jina

Wanaojua kusikiliza wasogee karibu, na wanaojua kupiga makofi tu wakae kwanza na mikono yao, maana haya ni ya nchi ya Staha, na huko makofi yaliharibu watu.

Kidawa binti Mzale alikuwa msimulizi wa hadithi, na kazi nyingine hakuwa nayo. Alikwenda mji kwa mji, akakaa, akasimulia, akalishwa, akaenda zake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti nzito kuliko kimo chake na ulimi usiojua kulala. Namna alivyofika Staha haina maana. Njia ni njia. Alifika mchana, akakuta lango refu, na mlinzi wa lango hakumwuliza atokako wala alichobeba. Alimwuliza jina lake. Alipolitaja, mlinzi akalizungusha mdomoni kama anayeonja mchuzi, kisha akasema, "Zuri. Lilinde."

Hiyo ndiyo salamu ya Staha. Watu wa nchi ile huthamini majina yao kuliko mboni za macho. Mtu mkubwa akijikwaa njiani, wapitanjia hugeuza nyuso, ili isije siku ya kusema kwamba fulani alianguka. Mume na mke hugombana bila kutajana. Na mgeni akiuliza sababu, hujibiwa kwa heshima zote kwamba jina jema hung'ara gizani. Kidawa alilipenda jambo hilo kwa muda wa kama nusu saa. Kisha akagundua kwamba si majina yote yaliyokuwa yakilindwa. Yalilindwa yale yenye vigoda.

Sheria ya Staha juu ya hadithi ni hii. Mtu wa hadithini hapewi jina ila liwe jina la mtu aliye hai, na mwenye jina sharti awepo hadithi ikisimuliwa. Wenye majina hukaa mbele ya uwanja juu ya vigoda vya mvule vilivyotiwa nakshi, na vigoda hivyo hurithiwa baba kwa mwana. Mgeni naye hupewa kimoja kwa ajili ya ugeni wake, maana Staha ni nchi ya adabu. Sasa, mtu wa hadithini mwenye jina lako akianza kutenda jambo usilolipenda, wewe unasimama. Ukishasimama, hadithi imekwisha hapo hapo, hata ikiwa katikati ya neno, na watu wote hupiga makofi.

Alasiri ile ile Kidawa alikwenda uwanjani kuwasikiliza wenzake. Msimulizi mmoja mwenye sauti tamu alikuwa akisimulia habari za bwana aliyekabidhiwa mali ya yatima. Bwana huyo alifungua sanduku la yatima, akachungulia ndani, akatazama nyuma, akanyoosha mkono, na hapo mzee mmoja wa kilemba akasimama kigodani. Msimulizi akafumba mdomo. Makofi yakarindima, na watu wakaanza kujinyoosha.

"Ikawaje?" Kidawa alimwuliza jirani yake.

"Ikawaje nini?"

"Alichukua, hakuchukua? Na yatima je?"

Jirani alimtazama kwa huruma. "Bibi we, hukuona? Kasimama. Hadithi ndiyo hiyo."

Watu wale hawakuwa wajinga, ila ndivyo walivyokulia. Kwao hadithi ni kitu kinachokwenda mpaka mtu asimame, na hawakupata kujiuliza kama mbele yake kuna kingine.

Hadithi ya pili ilikuwa ya mwizi, na hiyo ikafika mwisho. Mwizi aliiba kuku, akaiba ng'ombe, akaiba hata sanda ya maiti. Akakamatwa, akapakwa masizi, akatupwa mtoni kwa mamba, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwizi huyo aliitwa Mafunda. Kidawa akatazama vigodani, asione aliyetikisika. Lakini karibu naye, mkekani, alikaa mwanamke ambaye hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso, anavuta uzi wa ukindu uliochomoza kwenye mkeka, anauvuta na kuurudisha.

"Ndiye Mafunda mwenyewe huyo," jirani alinong'ona. "Msusi wa mikeka. Hii yote tuliyokalia ni kazi yake."

"Sasa mbona hakusimama?"

"Zamani alisimama. Lakini hana kigoda, bibi. Sheria inasema aliyesimama mkekani hakusimama, anakwenda haja."

Jirani alilisema hilo bila kutabasamu, na Kidawa akahisi damu ikimpanda kichwani.

Basi ikawa Mafunda huyo ndiye aliyempa Kidawa malazi, kwani nyumba kubwa za Staha hazilazi msimulizi. Huogopa asije akatoka na jina la mtu. Kilikuwa chumba kimoja kisafi, kimejaa ukindu wa rangi, na Zumra, binti yake Mafunda, akawaandalia wali na mchuzi wa kunde kisha akatoka kwenda kwa jirani.

"Karibu, dada'ngu," Mafunda alisema. "Mgeni njoo mwenyeji apone, japo mimi kupona sikutazamii."

"Wamekuanza lini?"

"Tangu nikiwa mwari. Kwanza nilikuwa mchawi, tena mchawi mdogo tu. Halafu wakaona jina halina mtetezi, wakaliongezea. Sasa kila uchafu ukitaka mwenyewe, mwenyewe ni Mafunda." Alimwaga maji ya kunawa. "Mimi nimezoea. Anayeniuma ni huyu mtoto. Mwana wa Bi Nunuu amemposa, na wanapendana. Bi Nunuu ananijua, anajua sijaiba hata sindano, kaniambia kwa kinywa chake. Lakini anasema lisemwalo lipo. Jina langu halitaji hata kidogo, ananiita mama yake Zumra. Kasema atatoa jibu baada ya Siku Kuu ya Hadithi. Jamaa zake wote watakuja siku hiyo. Mafunda akitukanwa tena mbele yao, posa imekufa."

"Na kubadili jina?"

Mafunda aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Jina hili nilipewa na mama yangu. Wao walichafue halafu nilitupe mimi? Wabadili midomo yao."

Kidawa alimpenda kwa neno lile, akampenda kabisa.

Sasa Siku Kuu ya Hadithi ina desturi yake. Husimuliwa hadithi moja tu, nayo sharti iwe na mtu mwovu, ili nchi ijikumbushe kwamba uovu ni wa watu wengine. Akiwepo mgeni msimulizi, hadithi ni yake. Asipokuwepo, au akikataa, husimulia mmoja wa wenyeji. Kidawa akapeleka hadithi yake mbele ya Baraza la Majina, ambalo mwenyekiti wake ni Bwana Feruzi, mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Inahusu nini, Bi Kidawa?"

"Inahusu mtu mkubwa aliyeziba kisima cha watu ili maji yote yaende kwenye bustani yake ya maua."

Wajumbe wakatazamana. "Anaitwa nani?"

"Kwingine humwita Kungu."

"Kungu tunaye. Ana kigoda."

"Basi asiwe na jina. Awe mtu tu."

"Mtu tu ni nani?" mjumbe mmoja alidakia. "Mtu tu ni sisi sote! Unatutukana sote kwa mpigo mmoja?"

"Haya, awe fisi."

Mjumbe mnene akakohoa. Akaeleza kwamba marehemu babu yake alipewa lakabu ya Fisi kwa sababu ya ushujaa, na kwamba jambo lile lingeumiza ukoo. Wenzake wakampa pole.

"Basi nitatunga jina ambalo halijapata kuwepo duniani," Kidawa alisema. "Tuseme, Bwerende."

Hapo pakawa na mjadala mrefu kupita yote. Mmoja alisema sheria ingeweza kulegezwa, maana jina lisilo na mwenyewe halimwumizi mtu. Mwingine akasema Bwerende ni jina zuri, lina uzito, na mke wake ni mjamzito, sasa nani atamhakikishia kwamba mwanawe hataitwa Bwerende? Walibishana, wakanywa kahawa, wakabishana tena. Mwisho Baraza likakata shauri kwamba jina la Bwerende liwekwe kwa ajili ya mtoto huyo, na seremala aanze kumchongea kigoda.

"Kwani Mafunda ana nini?" Bwana Feruzi aliuliza kwa upole, kama anayemwonyesha mtu mlango uliokuwa wazi siku zote.

"Mafunda ni mwanamke, msusi wa mikeka. Mtu wangu ana kilemba na bustani."

"Mafunda amekwisha kuwa nahodha. Amekuwa shetani wa kiume. Mwaka jana alikuwa bwana harusi mlevi. Jina limezoea, Bi Kidawa. Halilalamiki."

"Linalalamika. Nimelisikia kwa masikio yangu."

"Mkekani," alisema Bwana Feruzi, na wajumbe wakatikisa vichwa kukubali.

Wakampa hiari: asimulie kwa jina la Mafunda, au aende zake na mwenyeji atasimulia habari za Mafunda aliyeuza watoto wake. Kidawa akatoka amekunja uso. Aliona wazi kwamba akibaki atamwumiza, na akiondoka atakuwa amewaachia wengine wamwumize. Mafunda alipoelezwa akasema, "Nenda zako, dada. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Usije ukafungwa kwa ajili yangu."

Lakini Kidawa hakuwa mtu wa kwenda zake. Alikaa barazani kwa Mafunda akifikiri, na jambo lililomjia kichwani lilimtisha. Jina lake lilikuwa la bibi yake, mzaa mama, mwanamke aliyekufa akiudai mji mzima fadhila. Kila alikopita alilitaja kwa majivuno. Hakutaka kulifikiria likiwa midomoni mwa wale watu wenye kucheka. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu, na hasira ya namna hiyo haitoki kwa kunywa maji.

Asubuhi akarudi Barazani. "Nimepata jina. Mwenyewe yuko hai, ameridhia, na kigoda anacho."

"Nani huyo?"

"Kidawa."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakapekua sheria vichwani mwao wasione pa kumzuia. Mgeni ana kigoda. Jina ni lake. Bwana Feruzi alimfuata mpaka mlangoni, na sauti yake safari hii haikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa ya mtu anayemwonea mwenziwe huruma kweli.

"Bi Kidawa, fikiri. Ukishasimulia, Staha itakujua kwa uovu huo. Hutapewa hata maji. Na kila msimulizi atakayetaka jina la mwovu atachukua lako, maana litakuwa limekwisha kufunguliwa. Watalivaa mpaka lichakae."

"Walivae. La kwangu nitalitumia nipendavyo, Bwana Feruzi. Nyinyi mmezoea kutumia la mwenzenu asiye na pa kukaa."

Siku Kuu ikafika. Uwanja ulijaa mikeka, na mikeka ilijaa watu. Bi Nunuu, mwanamke mrefu mwenye shungi jeupe, alikaa na jamaa zake wote, na Mafunda na Zumra walikaa nyuma kabisa. Mbele walikaa wenye vigoda, na katikati yao, juu ya kigoda kikubwa kuliko vyote, alikaa mtawala wa Staha, Mwinyi Usi, amejipulizia manukato.

Kidawa akaja, akaketi kigodani pake, akaanza.

"Hapo kale alikuwako mtu mkubwa, jina lake Kidawa..."

"Msimulizi husimama," Bwana Feruzi alimnong'oneza.

"Mwenye jina hukaa. Nikisimama hadithi imekwisha. Au mmebadilisha sheria?"

Akaendelea. Alisimulia jinsi mtu mkubwa alivyopenda maua, na jinsi watu walivyoyasifu maua yake. Alisimulia jinsi alivyokwenda kisimani alfajiri na mafundi wake, akapima kwa macho, akasema, zibeni. Hapo watu wachache wakapiga makofi. Hapo ndipo mahali pa makofi. Hadithi zote za wenye vigoda hukomea hapo. Wakatazama vigodani kuona nani kasimama, wasione mtu. Makofi yakafa. Kidawa alikuwa amekaa kitako, mikono magotini, anawatazama.

"Mafundi wakaziba kwa saruji," alisema.

Walikuwa wamevuka mahali ambapo hakuna aliyepata kuvuka ila kwa jina la Mafunda, wakicheka, na leo kicheko hakikuja. Kidawa akawaambia jinsi wanawake walivyoanza kuteka maji ya mbali, bondeni. Jinsi walivyomwendea Kidawa yule mkubwa kumwomba, naye akawapokea vizuri, akawapa kila mmoja ua. Jinsi mmoja alivyojifungulia njiani, ndoo kichwani, na mtoto asipate maji ya kuogeshwa. Nyuma kabisa mtu akaanza kulia. Na watu, mmoja mmoja, wakaanza kugeuza macho kumtazama Mwinyi Usi.

Mwinyi Usi hakupata kuziba kisima chochote maishani mwake. Alichofanya, na Staha nzima ilijua, ni kuzungushia ua bonde la ukindu ambalo wasusi walikuwa wakikata bure tangu enzi za mababu, akafuga humo bata wa rangi rangi. Kidawa hakulijua hilo. Hadithi yake aliitoa mbali. Lakini mwenye mambo yake moyoni haulizi kama ni kisima au ni bonde. Mwinyi Usi alianza kwa kujikuna. Kisha akatoa leso. Kidawa aliposema, "Na mtu mkubwa akasikia kilio cha mtoto, akaamuru madirisha yafungwe," Mwinyi Usi akasimama.

Nchi nzima ikapiga makofi. Wengi walipiga kwa mazoea. Aliyesimama ndiye mwenye jina, hivyo ndivyo walivyofundishwa tangu utoto, na aliyesimama alikuwa Mwinyi Usi. Lakini wapo waliopiga huku wakimtazama usoni, polepole, kofi moja moja, na hayo hayakuwa mazoea. Mwinyi Usi akabaki amesimama. Kukaa ameona haya, kutoka ameona haya.

"Hadithi imekwisha!" Bwana Feruzi alipaza sauti.

"Haijakwisha," Kidawa alisema. "Hadithi hii ni ya Kidawa, na Kidawa amekaa. Aliyesimama pale ana jina lake na mambo yake. Mwulizeni mwenyewe amesimamia nini."

Hakuna aliyethubutu kuuliza, wala hapakuwa na haja.

"Mwinueni!" Mwinyi Usi alifoka.

Askari wakamwendea, wakasita. Kumwinua mtu kigodani kwa nguvu ni kumvua jina, na kosa hilo Staha haina kubwa kulipita. Sheria aliiweka babu yake Mwinyi mwenyewe. Bwana Feruzi akapiga magoti mbele ya Kidawa, jasho linamtoka. "Simama, mama. Kidogo tu. Nyanyuka tu, kisha ukae tena."

"Sisimami."

"Nakuomba!"

"Mafunda aliposimama mlisema anakwenda haja. Mimi haja sina."

Mkekani mtu alicheka, akajiziba mdomo. Mwinyi Usi akanguruma kwamba basi wamtoe na kigoda chake, wamtupe nje ya lango. Askari wanne wakakibeba kigoda juu, Kidawa akiwa amekaa juu yake, miguu inaning'inia, shungi limemwenda upande. Alishika ukingo kwa mkono mmoja, maana aliogopa kuanguka, na huku anaogopa hakunyamaza. Sauti yake nzito ikapita juu ya vichwa vya watu: mwanamke yule aliyejifungulia njiani akarudi mjini, akagonga mlango kwa mlango, akawaambia wenzake...

Akawaambia nini? Askari walikuwa wakienda mbio, na sauti ilikuwa ikififia. Watu wa Staha wakatazamana. Hakuna aliyepata kutaka hadithi kiasi cha kuinuka na kuifuata. Mafunda ndiye aliyeinuka kwanza. Alikunja mkeka wake, akautia kwapani, akamshika Zumra mkono, akatembea. Akafuata mtu wa pili, wakafuata kumi, kisha mikeka ikawa inakunjwa uwanja mzima, na wenye vigoda wakabaki peke yao juu ya mchanga mtupu, wanamtazama Mwinyi aliyesimama.

Askari walimtua Kidawa nje ya lango, kwenye vumbi. Hawakurudi, nao walitaka kusikia. Watu wakatandika, wakakaa.

"Akawaambia, leteni michi," Kidawa aliendelea. "Wanawake wakaja kila mmoja na mchi wake wa kutwangia, wakaitwanga ile saruji mpaka kisima kikapumua. Mtu mkubwa akatoka bustanini anapiga kelele, hamnijui mimi ni nani? Yule mwanamke alikuwa amekwisha teka. Akanywa kwanza, akampa mwanawe, ndipo akamjibu: tunakujua, ndiyo maana tumekuja na michi. Wakamsogeza kando, wakateka. Na maji yale wanayateka hata leo."

Hawakupiga makofi, kwani hakuna aliyesimama. Walikaa tu, na wengine walikuwa wakilia waziwazi bila kugeuziana nyuso.

Mwishowe Bi Nunuu akauliza kwa sauti ya mtu asiyezoea kuuliza, "Na huyo mtu aliyefanya hayo. Hapa kwetu, ni nani?"

Watu wakageuka kuutazama mji wao. Wakatazama ukuta, na ng'ambo ya ukuta bonde la ukindu na bata wake. Mtu mmoja akataja jina, lenye kigoda. Mwingine akalirudia kwa nguvu zaidi, mpaka likawa linasemwa mkeka kwa mkeka. Na katika watu wote wale, hapana hata mmoja aliyesema Mafunda.

"Mafunda!" Bi Nunuu aliita, jamaa zake wote wakisikia. "Mkwe wangu, nisogezee mkeka huo, nikae nawe."

Ndipo Kidawa aliposimama.